Mota ya "Mjerumani" iliyoungua: uchambuzi wa kisa cha kikundi kimoja cha mashine ya kusaga

Usuli

Kikundi hiki ni cha akina mama wa mji mdogo wa kanda ya kati ya Tanzania. Majina yao, mji wao, duka na chapa iliyoandikwa kwenye mota nimeviondoa. Mimi nafundisha vikundi vya uzalishaji utunzaji wa hesabu na manunuzi, na niliitwa mota ikiwa imeshaungua, kikundi kikiwa kimegawanyika pande mbili zisizosalimiana vizuri.

Walianza kwa kuweka na kukopeshana. Baadaye wakajenga banda karibu na soko, wakaomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mkopo ule hauna riba, ila marejesho yana tarehe zake. Walitaka mashine ya kusaga. Kinu chenyewe kilichomelewa na mafundi wa mji uleule, chuma kizito, kazi safi. Kilichobaki ni mota ya umeme ya hp 20, yaani nguvu ya farasi 20.

Kabla ya safari ya Dar es Salaam waliuliza watu. Waliuliza mwenye mashine wa mtaa wa pili, dereva wa lori, mwalimu mstaafu, na shemeji wa mwenyekiti aliyewahi kufanya kazi kiwandani. Wote walijibu kwa namna moja: nunueni chochote, ila msinunue ya Mchina. Hakuna aliyewauliza kinu kinazunguka kwa kasi gani, nyaya za umeme zilizoingia bandani ni za unene gani, au watasaga magunia mangapi kwa siku. Ushauri wote ulikuwa juu ya taifa.

Jinsi mota ilivyonunuliwa

Mwenyekiti na mweka hazina walishuka Kariakoo, wakaelekezwa upande wa Gerezani kwenye maduka ya mota na vipuri. Duka la kwanza liliwaonyesha mota mpya ya Kichina, hp 20, ndani ya boksi lake, jina la kiwanda cha Kichina likiwa limeandikwa bila kujificha. Muuzaji akasema ina dhamana ya mwaka mmoja na yeye ndiye anayeishikia. Wakashukuru, wakatoka. Mweka hazina aliniambia baadaye kwamba hata bei hawakuipatana, kwa sababu waliona aibu kurudi nyumbani na kitu ambacho mji mzima umewakataza.

Duka la tatu ndilo lililowapata. Mota ilikuwa sakafuni bila boksi, imepakwa rangi ya kijivu, na kibao chenye jina la kampuni maarufu ya Ujerumani kiking'aa ubavuni. Muuzaji akawaambia, "Mama yangu, hii utamwachia mjukuu." Bei yake ilizidi ile ya Kichina kwa karibu nusu. Walilipa. Risiti ya mashine waliyopewa iliandikwa "spea" na kiasi cha fedha, basi. Haikutaja chapa, namba ya mota wala nguvu yake.

Sababu zao zilikuwa na mantiki yake, na ni vizuri kuzitaja kwa haki. Walikuwa wamebeba fedha za mkopo, si zao. Waliona vitu vya bei rahisi vikifa mapema: taa, soketi, pasi, redio. Hawakuwa na mtu wa kuwafungulia mota kuona ndani. Kwa mtu asiyeweza kuona ndani, jina la nchi ndiyo taarifa pekee inayoonekana kwa nje, na walilipia taarifa hiyo.

Msimu wa mavuno

Fundi umeme wa mjini aliifunga mota kwenye kitanda cha chuma, akatoboa matundu ya miguu kufuata mota ilivyokuja. Kisha akasoma kibao: hp 20, yaani kilowati 15, na ampia zake, yaani kiasi cha umeme inachovuta, karibu 29. Kwenye stata, kisanduku cha kuwashia mota, akaweka ovaloadi, kifaa kinachoizima ikivuta umeme kupita kiasi, kwenye ampia 29, kama inavyotakiwa. Kazi yake haikuwa na dosari yoyote.

Miezi ya mwanzo wateja walikuwa wachache, mota ikawa inapumzika. Mahindi mapya yalipoingia, foleni ya ndoo ikafika barabarani. Kinu kilisaga kutwa. Wiki ya pili ya msongamano ule mota ilianza kuwa moto kiasi cha kutoshikika, na harufu ya vanishi ikasikika bandani. Mwendesha mashine akaizima, akaiacha ipoe, akaiwasha tena. Alasiri moja ikatoa moshi na kunyamaza.

Maneno yaliyofuata yanastahili kunukuliwa kwa sababu ndiyo yaliyokipasua kikundi. Mjumbe mmoja alisema, "Mmeuziwa ya Mchina nyie, hakuna Mjerumani anayeungua hivi." Katika sentensi hiyo moja, mota ilibadilishwa uraia bila mtu kuifungua. Ilipokuwa nzima ilikuwa ya Mjerumani, ilipoungua ikawa ya Mchina. Mwenyekiti na mweka hazina wakaanza kushukiwa kwamba walichukua ya bei rahisi na kutia tofauti mfukoni.

Kwa fundi wa kusuka mota

Nilishauri jambo moja tu: kabla ya kikao chochote, mota ipelekwe kwa fundi wa kusuka, yaani wa kuzungushia nyaya mpya ndani ya mota, ifunguliwe mbele ya wajumbe wote wanaotaka kuja. Walikuja saba.

Fundi alikuwa mzee mtaratibu. Hakuanza na ndani. Alichukua futi, akapima umbali kati ya matundu ya miguu ya mota, kwanza kwa upana, kisha kwa urefu. Upana ulikuwa milimita 254. Urefu, yaani kutoka tundu la mbele hadi la nyuma, ulikuwa milimita 210. Akanyamaza kidogo, akapima tena.

Maelezo yake yalikuwa haya. Mota za umeme za aina hii hutengenezwa kwa vipimo vya kimataifa, ili mota ya kiwanda kimoja iweze kukaa kwenye kitanda cha mota ya kiwanda kingine hata kama ni cha nchi nyingine. Mota ya kilowati 15 ya mwendo ule, karibu mizunguko 1,460 kwa dakika, hukaa kwenye mwili ambao matundu yake ya miguu ni 254 kwa 254. Mwili wa 254 kwa 210 ni wa mota ya kilowati 11, yaani hp 15.

Akageukia kibao. Kilikuwa kimegongwa ripiti mbili, na rangi ya kijivu ilipita chini yake. Alipokibandua kwa bisibisi, pembeni yakaonekana matundu mengine manne madogo yaliyozibwa kwa rangi. Hapo ndipo palipokuwa na kibao cha asili. Kwenye kifuniko cha kisanduku cha nyaya, upande wa ndani, kulikuwa na mchoro wa kuunganisha umeme wenye maandishi ya Kichina.

"Si mliona?" akasema yule mjumbe. "Nilisema ni ya Mchina."

Fundi hakumjibu. Alitoa feni na kifuniko cha nyuma, akavuta rota, sehemu ya ndani inayozunguka, akakata kipande cha waya uliokuwa mweusi kwa kuungua. Wote walisubiri aukwangue. Kwa muda mrefu watu wa mji ule wamesikia kwamba mota za Kichina husukwa kwa alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Akaukwangua kwa kisu. Ukatoka mwekundu. Akaukata katikati, nao ndani ukawa mwekundu vilevile. Shaba tupu. Akakagua na beringi, hazikuwa zimelegea.

"Mama, hii mota haikuwa mbaya," alimwambia mwenyekiti. "Imebebeshwa mzigo wa mwenzake."

Mota ya kilowati 11 hula takriban ampia 21 au 22 ikiwa imebeba mzigo wake kamili. Kinu hiki, mahindi yakiwa yamejaa, kilivuta 27 hadi 28. Ovaloadi ingeweza kuiokoa, lakini ilikuwa imewekwa 29 kwa kufuata kibao. Uongo wa kibao uliingia hadi kwenye kifaa cha ulinzi.

Kwa hiyo ilikuwa mota ya Kichina iliyosukwa vizuri, ya hp 15, ambayo mtu aliibandua jina lake, akaipa jina la Kijerumani na nguvu isiyokuwa nayo. Ingeuzwa kwa jina lake na nguvu yake, ikafungwa kwenye kinu kinachoifaa, ingekuwa inafanya kazi hadi leo.

Uamuzi wa pili na mabishano yake

Kikao kilichofuata kilikuwa na njia tatu mezani: kumrudia muuzaji, kununua mota kuukuu ya Ulaya iliyosukwa upya, au kununua mpya ya Kichina kutoka kwa wakala anayejulikana.

Ya kwanza ilijaribiwa kwa simu. Muuzaji alikana kuwafahamu, kisha namba ikawa haipatikani. Risiti yao ilisema "spea". Nilisisitiza wapeleke malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, kwa sababu kibao chenyewe ni ushahidi. Kikundi kiliamua kutokwenda. Nauli, siku za kuacha mashine, na marejesho yaliyokuwa yanakaribia vikawashinda.

Ya pili ilipendwa na wazee. Mota za zamani za Uingereza zipo, nzito, na baadhi zimefanya kazi tangu mashine za vyama vya ushirika. Fundi aliwatahadharisha kwamba mota iliyosukwa mara tatu au nne haiwi ile iliyotoka kiwandani, na kwamba ukiinunua Gerezani hujui imesukwa na nani.

Ya tatu ilizua ugomvi. Mweka hazina, mwanamke makini aliyekuwa ametukanwa zaidi ya wote, ndiye aliyeipinga kwa nguvu. "Tumeungua na feki, sasa twende tukanunue feki mchana kweupe?" Mwenyekiti alimjibu kwamba ile iliyoandikwa jina lake la Kichina haikumdanganya mtu yeyote, na iliyowadanganya ni ile iliyojiita ya Mjerumani. Mabishano yalikwenda hadi magharibi.

Kilichoamua ni karatasi. Tuliandika masharti ambayo mota yoyote, ya nchi yoyote, itatakiwa kuyatimiza: kilowati 15, matundu 254 kwa 254 kwa futi yetu wenyewe, kibao chenye namba inayofanana na ya kwenye boksi, risiti inayotaja chapa na namba hiyo, dhamana ya maandishi yenye muhuri wa duka. Safari hii fundi wa kusuka alikwenda nao. Duka lililotimiza masharti yote lilikuwa lile la kwanza, lililoachwa kwa aibu.

Matokeo

Mota mpya ilipofika haikukaa kwenye kitanda, kwa sababu matundu yalikuwa yametobolewa 210. Ikabidi yatobolewe mengine. Ovaloadi ikawekwa upya, na mwendesha mashine akafundishwa kusoma ampia kwa mita ya kubana waya kila Jumamosi. Imemaliza msimu uliofuata wa mavuno bila kuzimika kwa joto.

Hasara ilikuwapo. Wateja wengi walihamia mashine nyingine na baadhi hawajarudi. Marejesho mawili ya halmashauri yalichelewa, wajumbe wawili wakajitoa.

Na si kila kitu cha Kichina walichonunua safari ile kilifaa. Kontakta ya stata, swichi inayounganisha na kukata umeme wa mota, waliichukua duka jingine, haraka, kwa bei ndogo, bila sharti hata moja kati ya yale waliyoandika. Ndani ya miezi michache sahani zake ziligandana, mashine ikagoma kuzima kwa kitufe. Mwendesha mashine alikimbilia swichi kuu. Hilo ni jambo la hatari, mtu angeweza kupoteza mkono.

Mota iliyoungua ilisukwa upya kwa shaba. Mnunuzi mmoja alijitokeza akitaka kuichukua kwa bei nzuri, kwa sharti kwamba kibao cha Kijerumani kirudishwe. Waliokuwa wakihitaji fedha zaidi walitamani kukubali. Kikundi kilipiga kura, kikakataa. Sasa mota hiyo inaendesha mashine ya kukoboa, ikiwa imeandikwa "hp 15" kwa rangi nyeupe.

Uchambuzi

*Chuki ya awali ndiyo iliyotengeneza soko la kibao.* Mtu hawezi kupata faida kwa kupachika jina la Kijerumani juu ya mota ya Kichina kama wanunuzi hawako tayari kulipa nusu zaidi kwa ajili ya jina. Kila aliyewashauri akina mama "chochote ila Mchina" aliwasukuma, bila kujua, kuelekea duka la tatu. Tahadhari yao waliielekeza yote kwa taifa, wakabaki hawana tahadhari yoyote mbele ya kibao.

*Neno "Mchina" linamficha aliyeagiza.* Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa naliona katika kila kikundi. Tangu biashara ilipofunguliwa, wafanyabiashara wetu huenda wenyewe China, miji ya Guangzhou na Yiwu. Kule kiwanda humuuliza mteja anataka ya bei gani, na bei ndiyo inayoamua unene wa waya, uzito wa chuma na ubora wa beringi. Kontakta iliyogandana haikujileta Tanzania. Kuna mtu aliichagua kwa sababu ni ya chini kabisa, akaiuza kwa faida. Ikifa tunasema "ya Mchina hiyo, ulitegemea nini?" na mtu huyo hatajwi kabisa. Hatumrudii, hatudai dhamana, hatuandiki malalamiko. Dharau yetu kwa taifa la mbali imekuwa ulinzi wa mwagizaji aliye karibu. Na mwagizaji akijua hakuna atakayemrudia, mzigo unaofuata ataagiza wa chini zaidi.

*Hofu ya bidhaa duni si ujinga.* Nisieleweke vibaya. Soko letu limejaa vitu vibaya vinavyotoka China, na watu wameumia navyo. Usiku wa kuamkia 17 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini, na Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwishoni mwa Septemba 2012. Aliyezimiwa simu yake ana haki ya kuogopa. Kosa ni kuigeuza hofu hiyo kuwa kipimo. Mota nzuri na kontakta mbaya zilitoka nchi moja, zikapanda basi moja.

*Sifa za mataifa hubadilika, na haraka kuliko tunavyodhani.* Mwaka 1876 mhandisi wa Kijerumani, Franz Reuleaux, aliandika kutoka maonyesho ya Philadelphia kwamba bidhaa za nchi yake ni rahisi na mbaya. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa, kwa sehemu kubwa ili mnunuzi wa Kiingereza atambue visu vya Ujerumani vilivyokuwa vikipigwa muhuri wa Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu. Maneno "imetengenezwa Ujerumani" yalianza kama onyo. Bidhaa za Japani nazo zilidharauliwa hivyohivyo kwa miaka mingi kabla watu hawajaanza kuziagiza kwa macho yaliyofumba.

Hata hapa kwetu dharau hii haina umri mkubwa. Sehemu kubwa ya gharama za ndani za ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za China kwenye maduka ya Tanzania na Zambia. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa 1968, kilijengwa kwa msaada wa China, na vitenge na khanga zake zilivaliwa harusini. Mwalimu mstaafu aliyewakataza akina mama mota ya Kichina alinikubalia mwenyewe kwamba baiskeli yake ya ujana ilitoka China na ilimzika fundi wake.

*Nchi ya kibao na nchi ya kiwanda mara nyingi si moja.* Siemens, kampuni ya Kijerumani hasa, kwa miaka mingi walikuwa na kiwanda cha mota Yizheng, mkoa wa Jiangsu, China. Mjumbe anayesema "mimi nataka ya Mjerumani halisi" anaweza kuipata, na ikawa imesukwa na mikono ya Wachina. Kinachoifanya iaminike ni kwamba kampuni inasimama nyuma ya namba iliyogongwa kwenye kibao na itawajibika ikivunja ahadi.

*Kilichofanya kazi* ni kufungua mota mbele ya wote. Kikao kingefanyika kwanza, shutuma za wizi zingeshakuwa ukweli wa kikundi. Macho saba yaliona shaba nyekundu, na tuhuma dhidi ya mweka hazina zikaisha bila mtu kuomba msamaha kwa maneno. Futi nayo ilifanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote. Kipimo cha 254 kwa 254 hakihitaji shule ya umeme, na mnunuzi yeyote anaweza kukichukua akiwa amechuchumaa sakafuni dukani. Anayebandika kibao hawezi kuubadilisha mwili wa chuma.

*Kilichoshindikana* ni risiti, na malalamiko ambayo hayakupelekwa. Risiti inayosema "spea" ni sawa na kutokuwa na risiti. Naelewa kwa nini hawakwenda Tume ya Ushindani, lakini sikubaliani nao mpaka leo: kibao kilikuwa mkononi, picha zipo, duka linajulikana lilipo, na mota nyingine zilizopakwa kijivu zilikuwa bado sakafuni pale. Nimewaomba wakitunze kibao kile. Mweka hazina amekifungia kwenye sanduku la kikundi pamoja na picha za matundu yaliyozibwa, na mwenyekiti amekubali kusaini barua ya malalamiko baada ya rejesho la mwisho la mkopo kulipwa.